Kovu la operesheni linalouma miaka na miaka: si karuho, na si uvivu



Leo sitaongea juu ya mihogo wala udongo, hata kama ndiyo kazi niliyosomea. Nitaongea juu ya kovu. Najua wengine watasema: ingenieri wa kilimo anaingilia nini mambo ya waganga? Mna haki ya kuuliza. Lakini jambo hili liliingia ndani ya jamaa yetu na kuivunja vipande viwili kwa miaka sita. Nilipoanza kulisoma, kwa vitabu na kwa kuuliza watu wa kazi hiyo, nikaona kwamba hata sisi wenye diploma hatulijui. Kwa hiyo naeleza nilichoelewa, pole pole, kusudi kila mmoja apate kitu cha kupeleka nyumbani.

Mama mkubwa wangu, mkubwa wa mama yangu mzazi, alizaa mtoto wake wa mwisho kwa sezarieni. Kidonda kilipona vizuri, nyuzi zikatolewa, mtoto akanenepa. Miezi michache kisha akaanza kusikia maumivu upande wa kuume, karibu na mwisho wa kovu. Alikuwa anasema: "Inanichoma sawa sindano ya moto, kisha inatembea mpaka ku paja." Ikimshika akigeuka kitandani, ikimshika akiinua beseni ya maji, hata mshono wa kikwembe ukigusa pale, anaruka.

Akaenda kwenye kituo cha afya. Wakampa dawa ya minyoo. Akarudi, wakampa dawa ya vidonda vya tumbo. Akarudi tena, wakasema ni ambukizo la tumbo la uzazi, akanywa antibiotiki. Akafanya ekografi mara mbili: hakuna kitu. Mtu mmoja wa pale akamwambia mbele ya watu kwamba anajifanya mgonjwa kusudi asiende shambani. Na kwetu Kivu mnajua vizuri: ugonjwa usioonekana ku ekografi, jina lake liko tayari. Karuho.

Akapewa majani ya kutapisha. Akachanjwa kwa wembe palepale panapouma, dawa nyeusi ikasuguliwa ndani. Na kwa sababu sumu lazima iwe na mkono ulioitoa, jamaa wakatafuta mkono. Wakamkumbuka mke wa shemeji yake, yule aliyekuja kumpikia bugali na lenga-lenga siku alipotoka hospitali. Kuanzia siku ile hawakusalimiana tena. Watoto wa nyumba ile wakakatazwa kula kwa nyumba hii. Hata kwenye matanga walikuwa wanakaa pande mbili.

Tutarudi kwa mama mkubwa. Kwanza tuelewe kovu ni nini.

1. Kovu si ngozi ya zamani iliyorudi

Ukikata gome la mti wa avoka kwa panga, mti haurudishi sehemu iliyokatwa jinsi ilivyokuwa. Unafunika. Unajenga ukuta kuzunguka jeraha, na mbao mpya inapanda juu yake mwaka kwa mwaka. Ukipasua mti ule miaka 10 kisha, alama utaikuta ndani. Mwili wa mtu una ujanja wake tofauti, lakini matokeo yanafanana: unaziba tundu kwa kitu kingine, si kwa ngozi ileile.

Kazi hiyo ina vipindi vitatu. Siku za kwanza damu inaganda, pale panavimba, panakuwa pekundu na pa moto: mwili unasafisha. Kisha, kwa majuma yanayofuata, chembe za mwili zinaleta nyuzi nyingi za kolajeni kwa haraka, sawa vile fundi anayejaza ufa wa ukuta kabla mvua haijafika. Kisha inakuja kazi ndefu ya kupanga upya nyuzi zile, na hii inaweza kuendelea mwaka mmoja ao zaidi. Ndiyo maana kovu la miezi miwili ni gumu na jekundu, na la miaka miwili ni laini na jeupe kidogo.

Katika ngozi ya kawaida nyuzi za kolajeni zimesukwa kila upande sawa na kitunga. Katika kovu zinalala zaidi upande mmoja. Kwa hiyo kovu halivutiki sawa na ngozi iliyo kando yake, na hata likipona vizuri kabisa linafikia kama 80 kwa mia tu ya nguvu ya ngozi ya mwanzo.

Tena tusidanganyike na ule mstari tunaouona kwa macho. Mstari ule ni paa la nyumba. Kwa sezarieni, daktari anapita ngozi, kisha mafuta, kisha utando mgumu unaofunika misuli, kisha anatenga misuli, kisha anafungua utando wa ndani wa tumbo, ndipo anafika kwenye nyumba ya mtoto. Kila tabaka lililofunguliwa linafanya kovu lake. Tabaka ambazo zamani zilikuwa zinateleza moja juu ya nyingine zinaweza kushikamana. Ndani ya tumbo pia kunaweza kubaki utando unaounganisha viungo ambavyo havikuunganika. Wengi wanaopasuliwa tumbo wanabaki na utando huo, na wengi wao hawausikii kamwe. Kumbukeni neno hili, tutalihitaji mbele.

2. Sasa maumivu yanatoka wapi?

Waganga wana jina la jambo hili: maumivu ya kudumu baada ya operesheni. Tangu 2022, orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani (OMS) inayahesabu kama ugonjwa wenye jina lake. Ni maumivu yaliyoanza ao kuongezeka kisha ya operesheni, yanayopita miezi mitatu, na ambayo hayana sababu nyingine. Tafiti zilizokusanywa zinaonyesha kwamba kati ya watu 10 na 50 kwa kila mia wanabaki na maumivu fulani, kufuatana na aina ya operesheni. Wenye maumivu makali ni wachache zaidi, kati ya 2 na 10 kwa mia. Si sezarieni peke yake: kuna ngiri, apandisiti, ziwa, kifua, goti, mguu uliokatwa. Kwa hiyo mama mkubwa hakuwa peke yake duniani, hata kama kwenye kijiji alikuwa peke yake.

Maumivu yale yana milango mitatu mikubwa.

Mlango wa kwanza ni mishipa ya fahamu. Hapa siongelei mishipa ya damu, naongelea ile inayopeleka habari kwenye ubongo. Mkato wa sezarieni unaolala chini ya tumbo, juu kidogo ya mavuzi, unaitwa kwa jina la daktari Mjerumani Hermann Johannes Pfannenstiel aliyeueleza mwaka 1900. Ni mkato mzuri: unashika vizuri, hauonekani sana. Lakini kwenye ncha zake mbili, kuume na kushoto, kunapita mishipa midogo ya fahamu inayotoka mgongoni na kuzunguka kiuno mpaka kwenye kinena, sehemu za siri na juu ya paja. Mshipa unaweza kukatwa, kuvutwa, kushonwa pamoja na nyama, ao kubanwa baadaye na kovu lenyewe. Hapo mtu anasikia kuchoma, umeme, ganzi, na maumivu "yanayotembea". Si roho mbaya inayotembea tumboni. Ni mshipa, na njia yake imechorwa tayari katika vitabu.

Mlango wa pili ni mwendo. Kovu lisiloteleza linavuta majirani zake kila mtu anapoinama ao kunyoosha mgongo. Mtu anaanza kujilinda: anatembea ameinama kidogo, anapumua juu juu, haongezi nguvu ya tumbo. Misuli inalegea upande huu, inakaza upande ule, na mwisho mgongo na kiuno vinaanza nao kulalamika. Ongeza na maisha ya mama zetu wanaobeba makala na mihogo mgongoni na kamba kwenye paji la uso, na utaona kwa nini haliponi lenyewe.

Mlango wa tatu ni ubongo wenyewe, na hapa ndipo watu wanakosea kuelewa. Fikiria mbwa wa mlinzi. Mwizi alikuja usiku mmoja, mbwa akabweka, vizuri. Lakini tangu siku ile mbwa anabwekea hata jani likianguka. Mwizi hayuko tena, ila kelele ni ya kweli na jirani hawalali. Mishipa ya fahamu na ubongo vinaweza kufanya hivyo: vilipokea habari za maumivu kwa muda mrefu mpaka kengele ikawa nyepesi kulia. Hata kikwembe kinaleta maumivu. Mtu huyu hadanganyi. Maumivu yake si ya mawazo tu. Ni mwili wake unaolinda kupita kiasi. Hofu, kukosa usingizi na kutoaminiwa vinamlisha mbwa yule. Kwa hiyo yule aliyemwambia mama mkubwa kwamba anajifanya mgonjwa alifanya zaidi ya kumkosea heshima: alimuongezea ugonjwa.

3. Kidole kimoja kinachoweza kusaidia kuliko ekografi

Ekografi haioni maumivu, na mshipa mdogo uliobanwa mara nyingi inaupita bila kuuona. Lakini kuna jaribio la zamani, halina bei. Daktari mmoja wa Marekani, Carnett, alilieleza mwaka 1926. Mgonjwa analala chali. Mganga anatafuta kwa kidole pahali panapouma zaidi na anakandamiza. Kisha anamwambia mgonjwa: inua kichwa na mabega, bila kujisaidia na mikono. Misuli ya tumbo inakaza sawa na ngao.

Kama maumivu yanatoka ndani, kwenye matumbo ao viungo vingine, ngao ile inavifunika na maumivu ya kidole yanapunguka. Kama maumivu yanabaki palepale ao yanaongezeka, basi inaelekea yanatoka kwenye ukuta wa tumbo wenyewe: misuli, kovu, mshipa wa fahamu uliomo humo. Jaribio hili peke yake halimalizi kazi, na mtu asilifanye nyumbani kisha akatupa dawa zake. Ila linampa mganga njia ya kufuata.

4. Mikono inafanya nini?

Wenye kazi ya mikono hapa ni wakine, yaani watu wa kinesiterapi. Wengi wetu tunafikiri kine ni mtu wa kufundisha waliopooza kutembea, ao wa kukanda wachezaji wa mpira. Lakini kazi ya kovu nayo iko katika ufundi wao. Wanasomea mambo haya hapa kwetu Congo, kwa mfano ISTM ya Kinshasa, na katika hospitali kubwa nyingi utamkuta kine ndani ya chumba kidogo mwisho wa koridori, anangoja wagonjwa ambao hakuna anayewatuma kwake.

Kine mzuri haanzi na nguvu. Anaanza na maswali: operesheni ilikuwa lini, ngapi, kidonda kilitoa usaha, maumivu yanakuja saa gani. Kisha anatazama mtu anavyosimama, anavyopumua, anavyoinuka kitandani. Kisha ndipo anagusa, na hagusi kovu kwanza. Anagusa mbali, kwenye ngozi nzima, na anakaribia pole pole.

Kwa kovu linaloogopa kuguswa, kazi ya kwanza ni kulizoeza. Pamba laini, kisha kitambaa, kisha taulo, kisha kidole, dakika chache kila siku. Ubongo unajifunza upya kwamba kuguswa si hatari. Ndiyo namna ya kumzoeza mbwa yule kwamba jani ni jani tu.

Kazi ya pili ni kuisogeza ngozi. Vidole viwili ao vitatu vinawekwa kando ya kovu na kuisukuma ngozi bila kuteleza juu yake: juu, chini, kushoto, kuume, kisha kwa mviringo. Kine anatafuta upande ambao ngozi inakataa kwenda, anafika pale inapokataa, anangoja, mpaka anasikia inalegea kidogo. Baadaye anaweza kuinua ngozi kati ya kidole gumba na vingine na kuiviringisha sawa na mtu anayekunja ukindu. Mafuta yasiwe mengi, juu vidole vitateleza na hakuna kitakachosogea. Maumivu yawe madogo, ya kuvumilika, na yapite upesi. Mtu akikunja uso na kuzuia pumzi, nguvu imezidi.

Kazi ya tatu ni mwendo: kupumua mpaka chini ya tumbo, kuinua kiuno akiwa amelala, kugeuka, kuinuka vizuri, kisha kurudia mizigo kidogo kidogo. Mikono peke yake bila mwendo ni sawa na kupalilia shamba na kutopanda kitu.

Sasa, kwa nini inasaidia? Hapa nataka tuwe wakweli, juu kuna watu wanauza ndoto. Wengine wanasema: "Ninavunja kovu, ninapasua utando wa ndani." Kolajeni ya kovu la miaka mingi ni ngumu sana, na hakuna ushahidi wa kutosha kwamba vidole juu ya ngozi vinaikata. Na kama tulivyoona, wengi wana utando ndani na hawasikii kitu, kwa hiyo kuuona tu hakutoshi kuwa sababu ya maumivu.

Maelezo yaliyo na msingi zaidi ni haya. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walipendekeza kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna kitu sawa na mlango: habari za kuguswa zinaweza kupunguza habari za maumivu zinazopanda kwenye ubongo. Ndiyo maana ukijigonga kisigino unasugua mara moja bila kufundishwa na mtu. Maelezo yao yamesahihishwa sehemu fulani tangu wakati ule, lakini wazo kubwa limebaki. Zaidi ya hapo, tabaka za juu zinapata kuteleza tena kidogo, misuli iliyokaza inalegea, na mtu mwenyewe anapoteza hofu ya sehemu ile ya mwili wake. Kuna wamama wengi ambao hawajawahi kuligusa kovu lao hata siku moja.

Na ushahidi? Tafiti ziko, na nyingine zimeonyesha maumivu yanapungua, hata kwa makovu ya sezarieni ya zamani. Lakini nyingi ni ndogo, watu makumi tu, na kila kine anafanya kwa namna yake, kwa hiyo ni vigumu kulinganisha. Mtu wa kilimo anaelewa hili vizuri: mbolea iliyofaulu kwenye vijisehemu vitatu vya majaribio huwezi kuitangazia mkoa mzima. Unasema: inaonekana inasaidia, bei yake ni ndogo, hatari yake ni ndogo ikifanywa vizuri, tujaribu na tupime. Si muujiza.

Mikono isipotosha, kuna njia nyingine. Kama mshipa mmoja umebanwa, daktari anaweza kuingiza dawa ya ganzi, lidokaini, palepale. Sindano hiyo inafanya kazi mbili: inaonyesha kama kweli mshipa ule ndio wenye kosa, na mara nyingine inatuliza muda mrefu kuliko dawa yenyewe inavyodumu. Kuna pia dawa za maumivu ya mishipa ya fahamu, tofauti na parasetamoli, na wachache wanarudi kwa mpasuaji.

5. Siku ambazo hatugusi

Hapa naomba msome mara mbili, kwa sababu nyumbani kwetu kuna kukanda.

Kidonda kibichi hakikandwi. Mama aliyetoka kwenye sezarieni hakandwi tumbo na maji ya moto, hata kama bibi alifanyiwa hivyo. Bibi alizaa kwa njia ya kawaida. Ngozi lazima iwe imefunga kabisa, bila gamba, bila maji, bila usaha, na kazi ya ndani zaidi inangoja kama majuma sita, mganga akikubali.

Kovu linaloinuka na kupanua kupita mkato wenyewe, ile keloidi inayotushika mara nyingi sisi wenye ngozi nyeusi, halipigwi vita kwa kulisugua kwa nguvu. Lina matibabu yake, kama sindano ndani ya kovu. Na mtu mwenye keloidi akichanjwa wembe, anaweza kuongezewa keloidi nyingine. Hata asiye nayo, chanjo ya wembe juu ya maumivu inaleta makovu mapya juu ya lile la zamani, na wembe uliotumiwa kwa wengine unabeba ukimwi na homa ya ini.

Usingoje kine, nenda hospitali siku ileile, kama kuna homa, kutapika, tumbo limejaa na hewa haitoki, uvimbe unaotokeza penye kovu na haurudi ndani, ama damu. Mwenye kukonda bila sababu naye achunguzwe. Kama kovu linavimba na kuuma kila mwezi pamoja na hedhi, mwambie daktari wa wamama: mara nyingine chembe za ndani ya nyumba ya mtoto zimebaki kwenye kovu na zinafuata mwezi, na hizo mikono haiwezi kuziponya. Na mwenye mimba aliyewahi kupasuliwa, akisikia kovu linauma, asikubali kukandwa na mtu yeyote. Aende kwenye maternite haraka, juu kovu la nyumba ya mtoto linaweza kuachia.

6. Kurudi kwa mama mkubwa

Haikuwa sisi wasomi tuliomsaidia. Aliongozana na mjukuu aliyevunjika mkono, gipsi imetoka, wakatumwa kwa kine. Alipoketi kwenye benchi alishika upande wake na kukunja uso. Kine, kijana wa umri wangu, akamuona. Akamuuliza: "Mama, ulishapasuliwaka?" Miaka yote ile, ni yeye wa kwanza kuuliza swali lile na kungoja jibu.

Akamlaza, akatafuta kwa kidole, akamwambia inua kichwa. Mama mkubwa akapiga kelele. Kine akasema: "Haiko ndani, mama. Ni hapa ku ukuta. Ni kovu na mushipa." Akamtuma kwanza kwa daktari kuhakikisha hakuna ngiri, kisha wakaanza. Mara nane kwa kine, na kila jioni nyumbani dakika kama kumi, pamba, kitambaa, vidole. Juma la kwanza alikataa kabisa kutazama chini. Juma la tatu alikuwa anajifanyia mwenyewe huku akisikiliza radio.

Sitawaambia kwamba amepona asilimia mia. Siku za baridi bado anasikia, na akibeba mzigo mkubwa anajua usiku utakuwa mrefu. Lakini analala. Anageuka kitandani. Beseni anainua, ndogo.

Siku moja nilimkuta amekaa kimya mlangoni. Nikafikiri maumivu yamerudi. Akaniambia: "Na sasa ule mama niliyemuchukia miaka yote, nitaenda kumuambia nini?"

Sikuwa na jibu, na lisansi yangu haikunisaidia. Juma lililofuata alifunga unga wa mihogo ndani ya kikwembe akaenda. Mke wa shemeji yake alimpokea, akampa kiti, akapokea unga. Hakusema mengi. Mpaka leo yeye hajaja kwetu kurudisha matembezi, na hakuna mwenye haki ya kumharakisha. Miaka sita ya kuitwa mrogaji nayo inaacha kovu, na hilo kine halifikii.

Ndugu wasomi, ninaomba vitu vitatu tu. Wewe unayesomea udaktari ao uuguzi: mgonjwa akikuambia panauma na ekografi iko safi, usimwambie hana kitu. Muulize kama alishapasuliwa, weka kidole, mwambie ainue kichwa. Wewe unayesomea mambo mengine, sheria, ualimu, kilimo: siku jamaa wataketi kutafuta mkono uliotoa karuho, uwe yule anayeuliza kwanza kuhusu kovu. Na wewe mwenye kovu lako mwenyewe, unayelificha na kulizunguka miaka yote: ni ngozi yako. Leo jioni, kama limefunga vizuri na hakuna dalili mbaya, weka mkono kando yake, pole pole, na upumue.